Paa la Shamba: Mimea ya Jamii ya Kunde katika Kilimo cha Kutegemea Mvua

Mwezi wa Oktoba, mtu apitaye katika njia iendayo Mpwapwa kutoka Dodoma huyaona mashamba yakiwa matupu. Mabua ya mtama na mahindi yameliwa na ng'ombe. Yaliyosalia yamechomwa moto au yameliwa na mchwa. Ardhi iko wazi, na saa sita za mchana uso wake huweza kuwa na joto linalopita nyuzi 50 za sentigredi. Hali hii huendelea mpaka mvua za kwanza zinyeshapo, aghalabu mwezi wa Desemba. Mvua hizo hazikuti jani wala bua la kuzipokea. Baada ya muda mfupi vijito hujaa maji yenye rangi ya matofali, na rangi hiyo ndiyo rutuba ya shamba ikienda zake.

Miezi michache baadaye mkulima wa shamba hilo atalalamika kwamba mahindi yake yamekuwa ya manjano na kwamba mvua haikutosha. Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Lakini sehemu ya mvua aliyoikosa ilipita shambani mwake bila kuingia ardhini, na sehemu ya chakula cha mahindi yake ilichukuliwa na maji hayo hayo. Katika makala hii tutaeleza jinsi mimea ya jamii ya kunde, ikipandwa kwa makusudi ya kufunika ardhi, inavyoweza kupunguza hasara hizo. Tutaeleza pia mambo ambayo mimea hiyo haiwezi kuyafanya, kwa maana sifa zilizotiwa chumvi huwavunja moyo wakulima pindi mavuno yasipolingana nazo.

Mimea tuizungumziayo si migeni kwetu. Miongoni mwake imo kunde yenyewe, fiwi ambayo wengine huiita ngwara, mbaazi, marejea, na mukuna, ambayo ni ndugu wa upupu lakini maganda yake hayawashi. Yote huzaa mbegu ndani ya ganda, na mingi huwa na vinundu mizizini. Tofauti iko katika kusudi la mkulima: akipanda kunde kwa ajili ya chakula huangalia mbegu, akiipanda ili ifunike ardhi huangalia majani.

Kazi ya kwanza: kuezeka shamba

Watu wengi wakisikia habari za mimea hii hufikiri kwanza juu ya mbolea. Yafaa tuanze na jambo lililo rahisi zaidi, yaani kivuli na kinga.

Tone kubwa la mvua, lenye upana wa milimita tano hivi, hufika chini kwa mwendo wa karibu mita tisa kwa sekunde. Likigonga udongo ulio wazi, huzivunjavunja punje za udongo na kurusha chembe zake kila upande. Chembe hizo ndogo huziba matundu ya ardhi, na uso wa shamba hufanya gamba. Mvua iendeleayo kunyesha juu ya gamba hilo haina pa kuingia, hivyo hutiririka. Jani likiwa juu ya udongo, tone hupasukia jani, na maji hushuka polepole.

Jambo hili lilipimwa hapa nchini zamani. Katika miaka ya 1930 vilitengwa vipande vya ardhi huko Mpwapwa, penye mwinamo mdogo na mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na maji na udongo uliotoka katika kila kipande vikapimwa. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza nusu ya mvua yote kwa maji kutiririka, na udongo upatao tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kipande kilicholimwa mazao kilipoteza karibu robo ya mvua na tani 78 za udongo. Kipande kilichofunikwa na kichaka cha asili kilipoteza chini ya sehemu moja katika kila mia ya mvua, na udongo wake haukuondoka kwa kiasi cha kupimika. Mvua ilikuwa ile ile na mwinamo ule ule. Kilichotofautiana ni kifuniko tu.

Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu huwa na uzito wa tani 1.4 hivi. Basi tani 146 zilizotoka katika hekta moja ni unene wa takriban sentimita moja. Udongo wa juu wenye mboji, ambao ndio mkulima anautegemea, mara nyingi hauzidi sentimita 20. Shamba linaloachwa tupu kwa namna hiyo linaweza kumalizika katika muda ambao mtoto anatoka kuzaliwa hadi kuoa.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila mmea wa jamii ya kunde ni kifuniko. Kongwa, jirani ya Mpwapwa, ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mwaka 1947 mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 kwa sababu nyingi, zikiwamo ukame na udongo uliokuwa mgumu mno wakati wa kiangazi. Karanga ni za jamii ya kunde, lakini huvunwa kwa kung'olewa na mizizi yake, na ardhi hubaki wazi na kutifuliwa. Jina la jamii peke yake haliwezi kuliezeka shamba.

Kiwanda kilichomo mizizini

Sasa tuje kwenye mbolea. Naitrojeni ni sehemu ya lazima ya kila protini, na mmea unaoikosa hudumaa na majani yake ya chini hugeuka manjano. Ajabu ni kwamba katika hewa tuivutayo, sehemu 78 katika kila mia ni naitrojeni. Uzito wa hewa iliyo juu ya hekta moja ya shamba una naitrojeni ipatayo tani 78,000. Mahindi yanayogeuka manjano ni kama mtu mwenye njaa aliyesimama nje ya ghala lililojaa, lenye kufuli tatu mlangoni; maana kila atomu mbili za naitrojeni ya hewa zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mahindi hayana ufunguo wake.

Viwandani kufuli hizo huvunjwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa shinikizo lizidilo lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara mia. Ndiyo sababu mbolea ya chumvichumvi hula nishati nyingi, na bei yake hufuata bei ya gesi na mafuta. Mwaka 1886, Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe vilivyomo katika vinundu vya mizizi. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck alifaulu kuvikuza viumbe hivyo peke yake. Ni bakteria wa aina ya rhizobiamu na jamaa zake.

Bakteria hao huishi udongoni. Mzizi mchanga wa kunde hutoa kemikali zinazowaita. Nao huingia kupitia vinyweleo vya mzizi, na mmea huwajengea kinundu. Hapo hufanyika biashara ya kubadilishana: mmea huwapa bakteria sukari iliyotengenezwa majanini, nao hutumia kimeng'enya chao kuigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, ambayo mmea huitumia kutengeneza protini. Kimeng'enya hicho huharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo kinundu kina rangi nyekundu, ndugu wa ile iliyomo katika damu yetu, ambayo huikamata oksijeni na kuigawa kwa kiasi kidogo kidogo. Ukikipasua kinundu na kukuta ndani rangi ya waridi, ujue kiwanda kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza au hakifanyi kazi. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimekwisha zeeka.

Kiwanda hiki kina mahitaji yake. Kinahitaji fosforasi kwa wingi, na madini ya molibdeni kwa kiasi kidogo sana. Katika udongo wenye asidi nyingi na usio na fosforasi, mmea hutoa vinundu vichache na kudumaa. Hivyo si kweli kwamba mimea hii humwondolea mkulima kila haja ya mbolea. Hewa inaweza kutoa naitrojeni. Haiwezi kutoa fosforasi.

Daftari la naitrojeni

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari la shamba.

Chukua shamba la hekta moja la kunde ambalo, mimea ikikomaa, lina jumla ya kilo 60 za naitrojeni ndani ya mimea. Tuseme kilo 30 zilitoka hewani na kilo 30 zilitoka udongoni. Mkulima akavuna tani moja ya mbegu. Mbegu za kunde huwa na naitrojeni ipatayo kilo 38 kwa tani. Akichukua mbegu tu na kuacha majani yote shambani, ametoa kilo 38 ilhali hewa ilileta 30. Udongo umepungukiwa kilo 8. Akiyachukua na majani kwa ajili ya mbuzi, udongo umepungukiwa kilo 30 zote ulizotoa. Kunde hizo zimemlisha mwenyewe vizuri, lakini hazikuirutubisha ardhi.

Sasa chukua hekta nyingine iliyopandwa marejea au mukuna kwa ajili ya kufunika. Mimea ikafyekwa inapoanza kutoa maua, kabla naitrojeni haijahamia kwenye mbegu, na yote ikaachwa juu ya ardhi. Tuseme ni tani 4 za majani makavu, zenye naitrojeni sehemu 2.5 kwa mia. Hizo ni kilo 100. Hapo ardhi imepata faida ya kila kilo iliyotoka hewani.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Katika kilo hizo 100, mahindi ya msimu unaofuata kwa kawaida hupata robo hivi au pungufu. Nyingine huoza polepole, nyingine huchukuliwa na maji au hurudi hewani. Robo ya 100 ni kilo 25. Mfuko mmoja wa urea wenye kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo tani nne za majani makavu zinalingana, kwa zao la kwanza, na mfuko mmoja na kidogo wa urea. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo 15. Mkulima na afanye hesabu ya mavuno anayoyatarajia.

Je, kazi hiyo yote ni kwa ajili ya mfuko mmoja tu? La. Sehemu isiyopatikana na zao la kwanza haikupotea yote. Sehemu yake huingia katika mboji, ambayo hushika maji na kushikamanisha punje za udongo, jambo ambalo urea haiwezi kulifanya. Kwa upande mwingine, mabua ya mahindi peke yake yana kaboni nyingi mno na naitrojeni chache. Bakteria wanaoyaozesha huinyang'anya ardhi naitrojeni kwa muda. Majani ya jamii ya kunde huoza upesi na kuitoa. Vikichanganywa, kimoja hulisha na kingine hukaa kama paa.

Yafaa pia kusahihisha dhana moja iliyoenea mashuleni, kwamba kunde zikiwa hai huwagawia mahindi jirani naitrojeni. Kiasi kinachopita kwa njia hiyo ni kidogo. Karibu faida yote huja baada ya majani na mizizi kuoza. Kwa ufupi, mmea wa jamii ya kunde huipa ardhi kile tu ambacho mkulima hakukichukua.

Marejea ya Songea

Huko Peramiho, karibu na Songea, wamisionari Wabenediktini walifanya kazi kubwa katika miaka ya 1980 ya kueneza kilimo cha marejea kwa wakulima wa Nyanda za Juu za Kusini. Marejea (Crotalaria ochroleuca) ni mmea wa Kiafrika wenye maua ya manjano, unaosimama wima na kufikia urefu wa mita mbili hivi. Kwa kuwa hautambai, hauyaangushi mahindi. Mbegu zake huweza kusiwa kati ya mistari ya mahindi wakati wa palizi. Mmea hukaa chini ya kivuli mpaka mahindi yakauke, kisha hupata jua na kutumia unyevu uliosalia. Katika shamba lililochoka sana hupandwa peke yake kwa msimu mzima.

Mambo yaliyofuata yanaeleza kwa nini jambo hili lina uzito. Mikoa ya kusini ilikuwa imezoea kulima mahindi kwa mbolea ya ruzuku. Ruzuku hiyo ilipopunguzwa na hatimaye kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi walibaki na udongo uliozoea kulishwa na mfuko usionunulika. Bei ya mbolea ilipopanda duniani kote mwaka 2021 na 2022, Serikali ilitoa tena ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023. Mkulima mwenye ardhi iliyofunikwa haachi kuhitaji mbolea, lakini mfuko wake mmoja hufanya kazi kubwa zaidi, kwa maana hausafiri na maji.

Hapa yatupasa kumtaja mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya. Mwaka 1958 alieleza kwa vipimo kwamba udongo uliokauka sana ukilowa maji ghafla, bakteria huamka na kutoa naitrojeni nyingi kwa siku chache. Wanasayansi duniani huliita tukio hilo kwa jina lake. Mkulima anayechelewa kupanda huikosa naitrojeni hiyo, kwa sababu wakati mahindi yanapoanza kutoa mizizi, mvua imekwisha kuizamisha chini sana. Mimea yenye mizizi mirefu, kama mbaazi, huweza kuifikia sehemu yake na kuirudisha juu kwa njia ya majani yaangukayo.

Gharama za paa

Kila paa lina gharama. Ya kwanza ni maji. Kwa kila kilo moja ya majani makavu, mmea wa jamii hii katika nchi ya joto hutumia maji yanayokaribia lita 500. Tani 3 ni lita milioni moja na nusu. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000. Basi tumetumia milimita 150. Songea, penye mvua ya milimita elfu moja na zaidi, kiasi hicho hakiumizi sana. Mpwapwa ni robo ya mvua yote ya mwaka. Kwa hiyo ushauri mmoja hauwezi kufaa pande zote mbili. Katika nchi kavu ni heri kupanda kwa nafasi mimea inayostahimili ukame na inayoliwa pia, kama fiwi, mbaazi au kunde zitambaazo, na kutumia mabua ya nafaka kuwa matandazo. Tukumbuke tu kwamba ardhi tupu nayo hunywesha jua maji mengi, na kwamba mvua iliyotiririka haikumfaa mtu yeyote.

Gharama ya pili ni mifugo na moto. Desturi katika sehemu nyingi ni kwamba baada ya mavuno kila shamba ni malisho ya wote. Mkulima mmoja akiacha majani mabichi mwezi wa Julai, amewaandalia karamu ng'ombe wa kijiji kizima. Jambo hili halitatuliwi na mtaalamu wa kilimo peke yake, bali na mkutano wa kijiji. Huko Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililomomonyoka, na uoto ukarudi. Lakini wenye ng'ombe walilipa gharama kubwa. Njia ya katikati ni kukata sehemu ya majani na kuwalisha mifugo zizini, kisha kuirudisha samadi shambani.

Gharama ya tatu ni usalama. Mbegu za mukuna zina kemikali iitwayo levodopa, ambayo ni dawa hospitalini lakini humdhuru mtu akizila kama maharage. Jamaa za marejea ni nyingi, na baadhi yake ni sumu kwa mifugo. Mbegu za mimea hii zisichanganywe na nafaka za chakula.

Kwa upande wa faida iko moja ambayo wakulima huiona upesi kuliko mbolea, nayo ni kupungua kwa magugu. Nchini Benin, wakulima walioipokea mukuna tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 walivutiwa hasa na jinsi ilivyozidi nguvu nyasi sugu. Katika ufuko wa Ziwa Viktoria, huko Mbita nchini Kenya, watafiti walionyesha kwamba mmea wa desmodiamu ukipandwa kati ya mahindi hupunguza sana kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka.

Majaribio ya shuleni

Walimu wanaweza kuyathibitisha mambo haya bila vyombo vya gharama. Kwanza, chukueni masanduku mawili ya mbao yanayolingana, yajazeni udongo mmoja, na yainueni upande mmoja kwa tofali. Moja lifunikeni kwa majani makavu, jingine liacheni wazi. Mwagieni kila moja maji lita tano kwa kopo lililotobolewa, na kusanyeni maji yatokayo. Pimeni wingi wake, kisha yaacheni yatuame na kuupima udongo.

Pili, siku ya arobaini hivi baada ya kupanda kunde, chimbueni mimea kumi kwa jembe, wala msiing'oe kwa mkono, maana vinundu hukatika. Hesabuni vinundu, vipasueni, na andikeni vingapi ni vyekundu. Linganisheni na mimea iliyopandwa katika tuta lililotiwa mbolea ya fosfeti. Tuta la tatu litiwe urea. Mtaona kwamba mmea uliopewa naitrojeni ya bure hupunguza vinundu, kwa sababu hauoni haja ya kuwalipa bakteria sukari.

Tatu, tembeleeni shamba lililo jirani na kumwuliza mwenyewe mambo matatu: mvua yake ni kiasi gani, ng'ombe hufika lini, na baada ya mavuno ni kitu gani hubaki juu ya ardhi. Majibu hayo yatawaonyesha ni mmea upi unaofaa kupandwa hapo, na kama wakati wake ni pamoja na mahindi au baada yake. Daftari la shamba hilo likiandikwa kwa miaka mitatu mfululizo litakuwa na thamani kwa mkulima na kwa shule pia, kwani mboji haijengwi kwa msimu mmoja, na udongo uliokwisha teremka mtoni haurudi.